Paka wetu hana msimu

"Sasa amemkamata au hajamkamata?"

Shangazi aliniuliza hivyo huku akinirudishia simu. Nilikuwa nimemwonyesha mistari mitatu niliyoiandika asubuhi ile, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani:

Paka kafika —
kwenye beseni, maji
bado yacheza.

Beseni lenyewe ni la plastiki, la bluu, limepasuka ukingoni. Tunaliacha chini ya bomba la uani kwa sababu bomba linavuja na fundi anaahidi tu. Shomoro wameligeuza hodhi lao la kuogea: wanakuja wanne watano, wanatumbukiza vifua, wanapiga maji kwa mabawa hadi mchanga unaolizunguka unalowa. Paka wa jirani, shume la kijivu lenye sikio lililochanika, analijua beseni hilo kama anavyoijua saa yetu ya kukaanga samaki. Siku ile nilimwona akitoka nyuma ya mpapai, tumbo likikaribia kugusa chini. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Nikageuka kuchukua kikombe changu cha chai. Nilipoinua macho alikuwa keshafika, kasimama kando ya beseni, na maji yanaendelea kutengeneza viduara. Ndege simwoni. Kilichotokea katikati sikukiona.

"Sijui, Shangazi."

"Hujui, na umeandika?"

Usidhani shangazi ni mtu asiyejua ushairi. Huyu anazo tenzi kichwani, na akiwa jikoni anaweza kukuimbia beti ishirini bila kukwama. Ila kwake shairi ni kitu kinachofika mahali: lina kibwagizo, lina neno la kumwachia msikilizaji. Mistari yangu mitatu ilimwacha mlangoni. Nimelitafakari swali lake kwa wiki kadhaa na nimeona kwamba ndilo hasa swali linaloikabili haiku, lile shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, linapoandikwa kwa Kiswahili, ingawa mjadala wetu mara nyingi huishia kwenye kuhesabu mizani.

Kuhesabu si kazi kwetu. Pengine ni lugha chache duniani zilizopangwa kuipokea haiku kama Kiswahili. Mwingereza akitamka neno haiku anatoa silabi mbili. Mjapani anahesabu tatu, ha-i-ku, na Mswahili anahesabu tatu zilezile. Tokyo kwa Mjapani ni nne, kwa kuwa kila "o" inavutwa na mvuto huo unahesabiwa, kama sisi tunavyoihesabu "kaa" kuwa mbili. "N" inayofunga neno kwao ni mizani kamili, kama "m" ya "mti" ilivyo kwetu. Na hesabu yenyewe haiko mbali na nyumbani: mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, wakati haiku nzima, tano na saba na tano, ina 17. Haiku ni mshororo wetu mmoja na mizani moja ya kuongezea. Mtoto wa shule aliyezoea kuhesabu kwa vidole anaweza kukupa haiku tano kabla ya kengele ya chai.

Balaa linaanzia hapo. Tazama hii:

Paka anyata,
ndege hana habari:
jihadharini.

Nimeitunga mwenyewe ili nisimwonee mtu, lakini ndugu zake wanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Tano, saba, tano. Hakuna iliyozidi wala kupungua. Hata hivyo ni methali iliyokatwa vipande vitatu. Yule si paka, ni tapeli wa viwanja. Na ndege ni mnunuzi asiyekwenda kuuliza ardhi. Hakuna mtu aliyemwona paka huyo, na hakuna haja ya kumwona, kwa sababu kazi yake ni kubeba onyo na kuondoka.

Sasa wageukie mabingwa wenyewe. Haiku ya ndege inayotajwa kuliko karibu zote ni ya Matsuo Bashō, aliyezaliwa 1644 na kufariki 1694. Ni ya mwaka 1680 hivi: *kareeda ni / karasu no tomarikeri / aki no kure*. Tawi kavu, kunguru ametua juu yake, jioni ya majira ya kupukutika majani. Hesabu mstari wa kati: ka-ra-su-no-to-ma-ri-ke-ri. Tisa! Jumla 19. Toleo lake la awali lilikuwa na mstari wa kati wa mizani kumi. Halafu mwendee Kobayashi Issa, na shomoro wake wa 1819: *suzume no ko / sokonoke sokonoke / ouma ga tōru*. Kinda la shomoro, pisha hapo, pisha hapo, Bwana Farasi anapita. Tano, nane, saba, jumla 20. Kama ungekuwa mtihani, Bashō angekatwa alama mbili na Issa tatu.

Walilegeza hesabu, lakini msimu hawakuugusa. Katika haiku ya jadi lazima liwemo neno linaloonyesha majira, Wajapani wanaliita kigo. Kinda la shomoro kwao ni neno la majira ya machipuko; msomaji akilisoma tu anahisi hewa, anajua jua lina ukali gani. Sababu ya sharti hilo ni ya kihistoria. Haiku ilizaliwa kutokana na kikao cha washairi waliotunga kwa kupokezana, mmoja akitoa kipande na mwenzake akikipokea, jambo ambalo mtu yeyote anayejua malumbano ya washairi wa pwani yetu hatashangazwa nalo. Kipande cha kufungulia kikao ndicho kilichotaja majira waliyokutana. Baadaye kipande hicho kilijitenga na kikao chake, na mwishoni mwa karne ya 19 Masaoka Shiki akakipa jina tunalolitumia leo.

Kitu cha pili walichokitunza ni mkato. Ile *keri* inayofunga mstari wa kunguru haina maana ya kutafsirika peke yake. Ni neno la kukata, na hubeba hisia ya mtu anayegundua sasa jambo lililokwisha kuwa. Wafasiri wa Ulaya huweka kistari au alama ya mshangao. Sisi tunalo neno lake tayari, tena tunalitumia kutwa: kumbe. Kunguru, kumbe, keshatua. Sijui kwa nini waandishi wetu wa haiku hawalitumii zaidi.

Mkato kwa hiyo tunao. Kinachotukwamisha ni msimu, na hapa naomba nikae kidogo.

Fungua kitabu cha shule kinachofundisha majira manne ya Ulaya au Japani na utakuta majira ya kupukutika majani yameitwa "vuli". Sasa chukua tafsiri hiyo uiweke kwa Bashō: tawi kavu, kunguru, jioni ya vuli. Msomaji wa Tanga au Morogoro ataona nini? Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, mvua ndogo. Ni wakati ambao tawi lililokuwa kavu linatoa majani. Bashō anaonyesha dunia inayofunga, tafsiri inaonyesha dunia inayofunguka. Neno moja, tena neno sahihi kabisa kwa mujibu wa kamusi, limeipindua picha nzima. Ndiyo maana hapo juu niliandika "majira ya kupukutika majani", maneno marefu yasiyoingia kwenye mizani yoyote. Afadhali urefu kuliko uongo.

Kwa paka mambo ni magumu zaidi. Katika vitabu vya maneno ya msimu ambavyo Wajapani huviita saijiki, kuna kigo kinachosema *neko no koi*, mapenzi ya paka. Ni ya mwanzo wa machipuko. Bashō analo: *neko no koi / yamu toki neya no / oborozuki*. Mapenzi ya paka yanaponyamaza, chumbani umeingia mwezi wa ukungu. Ni usiku mzima wa makelele ya mapaka, halafu ghafla kimya, na katika kimya hicho mtu anaona mwanga ambao ulikuwapo muda wote. Bashō huyuhuyu aliwahi pia kumtazama paka jike aliyekonda na kuuliza kama ni chakula cha shayiri au ni mapenzi yaliyomfikisha pale. Mjapani akisoma *neko no koi* anajua baridi inavunjika, kama sisi tunavyojua tukinusa vumbi lililopigwa na matone ya kwanza.

Lakini kwa nini paka wa Japani walie mwanzo wa machipuko? Kwa sababu paka jike huingia joto kwa kufuata urefu wa mchana. Tokyo, mchana wa katikati ya baridi haufiki saa 10, na wa katikati ya kiangazi unapita saa 14. Mwili wa paka unausoma mwanga unaorefuka na kuanza kazi. Karibu na ikweta mwanga hausemi kitu. Tanga, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Basi paka wetu hupandana mwaka mzima. Hakuna mwezi ambao shume la jirani halijalia juu ya bati la choo chetu saa nane za usiku, na hakuna mwezi ambao mtu hajarusha kandambili.

Kwa hiyo ukiandika haiku ya Kiswahili kuhusu mapaka wanaolia ukadhani umetaja msimu, hujataja kitu. Umeazima saa ya mtu ambayo kwako haitembei.

Ndege angalau wanatupa la kushika. Mbayuwayu huja na kaskazi kutoka Ulaya, na masika yakishika wanarudi kwao. Madume ya kwera, wa aina nyingi, huvaa njano kali inapofika wakati wa kujenga, na wakati huo huenda na mvua. Wanachana majani ya mnazi nyuzi nyuzi hadi kuti linabaki uti mtupu. Kunguru weusi wa mijini, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hao ni kama paka: kelele zao hazina kalenda. Ila ukiangalia vizuri, hata kunguru wa Bashō hakubeba msimu. Msimu umebebwa na jioni. Mshairi alimchukua kiumbe wa siku zote akamweka kando ya kitu cha siku chache. Nilipoliona hilo ndipo nikaandika ya pili:

Masika haya —
kwera kavaa njano,
paka ni yule.

Sisemi ni nzuri. Nasema paka huyu ni wetu.

Najua kuna watakaonipinga kwa hoja nzito kuliko ya shangazi. Watasema: ushairi wetu umejengwa juu ya fumbo, na kumwondolea paka fumbo ni kumwondolea Mswahili ulimi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Paka wa nyumba haingwa. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Nani amewahi kuzitamka hizo akimaanisha ndege au paka? Ni kweli, na mimi sina ugomvi nazo. Muyaka wa Mombasa na Issa wa Japani walipumua hewa ya zama moja, mmoja aliishi takriban 1776 hadi 1840, mwingine 1763 hadi 1828, na fumbo la Muyaka lilikuwa silaha katika siasa za mji wake, lenye makali ambayo haiku haiyajui. Ninachosema ni kwamba fumbo tunalo tayari, tena la kutosha kuuza nje. Hatukuhitaji kwenda mpaka Japani kuchukua chungu kipya ili tupikie mchuzi uleule.

Tena haiku si baridi kama wengine wanavyodhani. Issa alifiwa na mama akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama wa kambo ambaye hawakuelewana, akapelekwa mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, kabla hajawa mtu mzima. Aliandika: *ware to kite / asobe ya oya no / nai suzume*. Njoo ucheze nami, shomoro usiye na mzazi. Uchungu wote umo. Lakini tazama anavyofanya: hatumii shomoro kueleza uyatima, anamwita shomoro aje wacheze. Ndege anabaki na miguu yake na njaa yake, anaweza kuja na anaweza kuruka. Pengine aliruka. Na katika haiku nyingine ya Issa, kitoto cha paka kinaweka mguu juu ya jani lililoanguka, kinalibana kidogo tu, *choi to*, basi. Wapi umewahi kusoma shairi la Kiswahili ambamo paka anabana jani na hakuna mtu anayeonywa?

Kuna lawama moja dhidi ya haiku za bustanini ambayo naikubali nusu. Inasema ni mashairi ya watu waliokaa barazani, ndege wao wanaimba, paka wao wanapiga miayo, na damu haionekani. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka wa Marekani bara wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Bustani ni machinjio. Mshairi anayeficha hilo anatudanganya kwa upole. Lakini Bashō hakuwa mpole wa aina hiyo. Mwaka 1692 alimchukua ndege anayependwa kwa sauti kuliko wote nchini mwake, uguisu, ambaye washairi wa karne nyingi walimtaka aimbe tu kwenye maua, akamwonyesha anazinyia keki za mchele zilizoanikwa ukingoni mwa baraza. Ndiyo, kwenye keki! Bilioni 4 haiingii kwenye mizani 17, ila manyoya matatu juu ya ngazi yanaingia, na ukiyaona hayo hakuna anayehitaji kukueleza usiku ulikwendaje.

(Kwa wanaopenda sadfa: Shiki, yule aliyeipa haiku jina, jina lake la kalamu ni la ndege, hototogisu, ambaye husemekana huimba hadi kutapika damu. Shiki mwenyewe aliugua kifua kikuu, akatumia miaka yake ya mwisho amelala akitazama bustani ndogo ya nyumba yake Tokyo. Jarida lililoanzishwa 1897 kuendeleza kazi yake likaitwa kwa jina la ndege huyohuyo. Na ni jarida hilo la ndege lililoanza kuchapisha mwaka 1905 riwaya maarufu ya rafiki yake, Natsume Sōseki, ambayo msimulizi wake ni paka.)

Tunachokosa, basi, ni saijiki yetu. Haitaandikwa na kamati wala haihitaji ufadhili. Inahitaji watu waliokaa uani wakaangalia. Kumbikumbi, kwa mfano. Mvua ya kwanza ikinyesha mchana, jioni wanatoka ardhini kwa maelfu na kuzunguka taa ya nje. Paka, ambaye mwezi mzima amekuwa akiwinda shomoro bila mafanikio, anasahau heshima yake na kuruka ruka kama mtoto, anakamata hewani, anatafuna. Alfajiri ndege wanashuka kumalizia waliobaki. Kwa siku mbili tatu katika mwaka paka na ndege wa uani kwetu wanakula chakula kimoja, mahali pamoja, kwa zamu, na mbawa zilizopukutika zinajaa kwenye ngazi kiasi cha kufagiwa. Mjapani hana hiyo. Nimejaribu kuiandika mara sita na kila mara inaharibika, kwa sababu mkono unataka kuongeza mstari wa amani na upatanisho.

Shangazi nilimsomea ile ya kwera. Akasema hii ameielewa, kwa kuwa hata yeye ameona paka ni yuleyule. Halafu akarudi kwenye ile ya kwanza, akaniuliza tena kuhusu shomoro, nami nikamjibu tena kwamba sijui. Hakusema kitu. Alitoka nje akalimwaga beseni, akalijaza upya, akalipandisha juu ya pipa ambako paka hafiki.

Shomoro walilipata siku ya tatu. Paka naye anakuja kila asubuhi, anatoka nyuma ya mpapai, hatua, kimya, hatua, kimya, mpaka chini ya bomba, anakaa pale pale lilipokuwa beseni, kwenye mchanga mbichi, na matone yanamdondokea mgongoni.